Madoa meupe ya maji ya kisima kwenye gari jeusi

Swali: Nina Toyota Harrier nyeusi, naishi Kigamboni, na nyumbani tunatumia maji ya kisima yenye chumvi kidogo. Gari naliosha mwenyewe kila Jumamosi kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Linabaki na madoa meupe ya duara, hasa kwenye boneti na paa. Mwanzoni yalikuwa yanafutika, sasa hayatoki hata kwa sabuni ya unga. Nilipaka waksi yakapotea, baada ya wiki mbili yakarudi. Fundi amenishauri nipige msasa na kupaka rangi upya boneti nzima. Nimfuate?

Jibu: Usimfuate, angalau si kwa sasa. Rangi inayopigwa gereji huchukua wiki kadhaa kukomaa hadi ndani, na muda wote huo ni laini kuliko ile iliyookwa kiwandani. Ukiiosha kwa maji yaleyale, saa zilezile, utapata madoa mapya juu ya rangi uliyoilipia. Sabuni ya unga nayo iache leo. Ni ya nguo. Inakomba nta yote iliyokuwa inalinda rangi, na punje zake ambazo hazijayeyuka vizuri zinachora mikwaruzo.

Tuanze na kilichomo ndani ya doa, kwa sababu dawa inategemea hilo. Visima vingi vya ukanda wa pwani vinachota maji yaliyopita kwenye miamba ya chokaa na matumbawe ya kale, na karibu na bahari maji ya chumvi hupenya chini ya ardhi yakachanganyika nayo. Kwa hiyo tone moja limebeba vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni chumvi ya kawaida, ambayo ikikauka juu ya bodi hulowa na kuondoka ukiimwagia maji masafi. Cha pili ni bikaboneti za kalsiamu na magnesiamu. Maji yakipata joto na kukauka, hewa ukaa inatoka na kinachobaki ni chokaa, ileile inayoganda ndani ya birika lako la chai. Chokaa haijali maji wala sabuni. Inayeyushwa na tindikali tu, na kwa bahati nzuri tindikali dhaifu inatosha.

Doa lina umbo la pete kwa sababu tone hukauka kuanzia pembeni, na maji ya katikati yanaposogea kwenda ukingoni yanasukuma madini yake huko. Wengi husema tone linafanya kazi kama lenzi na kuunguza rangi. Sivyo. Kinachoumiza ni mambo mawili yanayokutana: boneti nyeusi ikikaa juani hufika nyuzi joto 70 za Selsiasi kirahisi, na klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, hulainika kidogo likipata moto huo, wakati huohuo tone linazidi kupungua na madini yake yanazidi kukolea. Hapo ndipo ukingo wa doa unapoanza kuuma ndani ya klia. Ukiliwahi siku hiyohiyo, una uchafu wa juu tu. Ukiliacha likapigwa jua miezi kadhaa, una shimo dogo lenye umbo la pete, na shimo halina cha kuyeyushwa.

Ndiyo maana waksi ilikudanganya. Mafuta yake yalijaza kingo za pete, mwanga ukaacha kuvunjika hapo, na jicho likaona rangi safi. Mvua na jua vilipoiondoa, pete zikaonekana tena. Hazikuwa zimekwenda popote.

Kabla hujagusa dawa yoyote, pima kina. Osha boneti kwa shampuu ya gari, kivulini, bati likiwa limepoa, kisha likaushe kabisa. Ingiza mkono ndani ya mfuko mwembamba, ule wa kufungia mkate unafaa, upitishe vidole taratibu juu ya doa. Mfuko huo unaongeza hisia ya ngozi: kitu ambacho kidole kitupu hakikihisi kitakwaruza kama mchanga. Ukihisi kijivimbe, chokaa bado imekaa juu na siki itaiweza. Ukihisi ulaini mtupu lakini pete unaiona kwa tochi, imeshauma kidogo na utahitaji polishi. Ukucha ukinasa ukingoni, doa limezama sana, na hilo tutalizungumzia baadaye kidogo. Usitumie kipimo cha kulowesha doa na kuangalia kama linapotea. Linapotea katika hali zote tatu, kwa hiyo hakikuambii kitu.

Kwa vijivimbe, chukua siki nyeupe ya dukani yenye tindikali ya asilimia 5. Changanya nusu kwa nusu na maji ya kukeneka. Kwenye vituo vya mafuta maji hayo yanauzwa kwa jina la maji ya betri, na hapa soma chupa mara mbili, kwa sababu baadhi ya watu huita hivyohivyo tindikali ya betri yenyewe. Hiyo ni tindikali ya salfa na itakula rangi na vidole vyako. Epuka pia siki ya rangi ya kahawia, na zile chupa ndogo za siki kali zinazotakiwa kuzimuliwa kabla ya kuliwa.

Jaribu kwanza sehemu ya sentimita 15 kwa 15, pembeni mwa boneti. Lowesha kitambaa cha pamba kwenye mchanganyiko, kikamue kiasi kisitiririke, kilaze juu ya madoa kwa dakika moja na nusu hadi mbili. Usisugue. Kazi inafanywa na muda. Mkono ukikandamiza, chembe za chokaa zinageuka msasa. Ukikiinua kitambaa na kuangalia kwa karibu, mara nyingine utaona vipovu vidogo sana ukingoni mwa pete: hiyo ni hewa ukaa ikitoka, maana yake chokaa inayeyuka. Futa kwa upole kwa upande safi wa kitambaa, mwagia maji mengi, kisha osha eneo hilo kwa shampuu ili siki isibaki kwenye maungio. Rudia hadi mara tatu. Kama mara ya tatu haina tofauti na ya pili, acha siki. Umemaliza chokaa, na kilichobaki ni alama ndani ya klia au ni madini ambayo siki haiyawezi, kama silika na jasi.

Siki ikauke juu ya rangi? Hapana, kamwe. Kama kitambaa kinaanza kukauka kingo, inua. Usiiweke kwenye urembo wa alumini usio na rangi, wala usifanyie kazi juu ya sakafu ya terazo au saruji unayoipenda, maana nayo ina chokaa na siki haibagui. Na ndoo iliyokuwa na jiki isiguswe na siki hata kidogo. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaumiza mapafu.

Wanaopendelea unga wa tindikali ya sitriki, ule unaouzwa kwa watengeneza juisi na sabuni, watumie gramu 20 kwenye lita moja ya maji ya kukeneka na utaratibu uleule. Ndimu na limau mimi siziungi mkono: ukali wake haupimiki, na sukari na nyuzi zake zinabaki kwenye maungio ya boneti. Dawa ya kusafishia choo ndiyo kabisa usiifikirie. Ina tindikali ya hidrokloriki, itatoa doa kwa sekunde na itaanza kula chuma mahali popote ambapo rangi imechubuka.

Ukimaliza siki na uso bado unakwaruza chini ya mfuko wa mkate, pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi ya gari. Lowesha sana kwa maji yenye shampuu, teleza bila kukandamiza, na ukunje udongo kila baada ya eneo la nusu mita. Ukidondoka chini, tupa. Udongo unakata kilichochomoza tu, kwa hiyo usitegemee ufute pete zilizozama.

Sasa polishi, ambapo ndipo magari mengi yanapoharibiwa. Rangi yote ya kiwandani, kutoka bati hadi juu, mara nyingi huwa mikroni 100 hadi 150, na ndani yake klia ni mikroni 35 hadi 50. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa karibu mikroni 100. Kwa hiyo klia yako yote ni nusu ya karatasi au pungufu. Polishi laini inakula mikroni moja au mbili. Msasa unakula zaidi, na haraka. Gari lililotumika Japani kabla ya kufika Dar es Salaam huenda limeshapigwa polishi zaidi ya mara moja, na hakuna anayekuandikia hilo kwenye makaratasi. Ndiyo sababu fundi yeyote unayempa kazi hii awe na kipimo cha unene wa rangi, kile kidude kinachowekwa juu ya bati na kuonyesha mikroni. Boneti ikisoma chini ya 80 kwenye rangi ya kiwandani, hapo asiguse kwa mashine. Ikisoma zaidi ya 200, imeshapakwa upya wakati fulani na pengine kuna pati, yaani lipu ya kusawazishia bati, chini yake.

Angalia pia namba ya rangi kwenye kibati cha utambulisho cha gari, mbele ya herufi C/TR. Ikiwa ni 202, hiyo ni nyeusi ya Toyota ambayo wapiga polishi wanaijua kwa ulaini. Ulaini huo una faida na hasara: pete zinatoka kwa polishi nyepesi, lakini taulo chafu moja linaacha mikwaruzo inayoonekana hatua tano.

Anza na kilicho hafifu zaidi: polishi ya kumalizia na pedi laini ya sponji, kwa mkono, kwenye eneo la sentimita 30 kwa 30. Ikitoa nusu ya madoa, mashine itatoa yaliyobaki. Mashine iwe ile inayozunguka huku ikiyumba, ambayo haikusanyi joto sehemu moja. Ile ya kuzunguka tu, inayofanana na grinda, kwenye mikono isiyozoea inaunguza klia kwenye mikunjo ya boneti, maana juu ya mikunjo rangi ni nyembamba zaidi. Bandika selotepu ya karatasi kwenye mikunjo hiyo na kwenye plastiki zote. Weka matone manne ya polishi, kila moja ukubwa wa punje ya kunde, kwenye eneo la nusu mita kwa nusu mita. Sambaza kwa mwendo wa chini, kisha panda hadi namba 4 kwa mashine yenye namba 6, sogeza sentimita 3 hadi 5 kwa sekunde, mara nne hadi sita kwa mistari ya kupishana. Safisha pedi kila baada ya eneo, la sivyo unasugua chokaa na vumbi la rangi palepale ulipotaka kung'arisha.

Kisha futa kwa spiriti ya isopropili ya famasi ya asilimia 70, sehemu moja kwa sehemu mbili za maji ya kukeneka. Hatua hii wengi wanairuka, na wateja hawaijui. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza alama jinsi waksi yako ilivyofanya. Spiriti inayaondoa na kukuonyesha ukweli. Ukipeleka gari kwa fundi, mwambie mapema kwamba utaangalia boneti baada ya kupitishwa spiriti, juani. Bei inaweza kupanda kidogo, lakini mtaelewana vizuri zaidi.

Pete ambazo ukucha unanasa ziache. Zinaweza kupunguzwa kwa msasa wa maji namba 3000 na polishi juu yake, na fundi mwenye kipimo anaweza kukubali, lakini kumaliza pete tatu za kina kwa kula robo ya klia ya boneti nzima ni biashara mbaya. Klia hiyo ndiyo inayozuia jua kufikia rangi. Ikiisha, boneti inapauka na kubanduka kama magamba, na hapo ndipo rangi mpya inakuwa lazima kweli.

Kuzuia yasirudi ni hesabu ndogo. Nunua kipima TDS, kidude cha umbo la kalamu kinachosoma miligramu za madini kwa lita, na upime kisima chako. Tuseme kinasoma 1,000. Gari likimaliza kuoshwa na kubaki na nusu lita ya maji juu yake, yakikauka yanaacha nusu gramu ya madini yaliyotawanyika kwenye matone maelfu. Maji yenye 30 yangeacha sehemu ya thelathini na tatu tu ya hapo. Hakuna nta inayoweza kukupa tofauti ya kiasi hicho. Kwa hiyo osha kwa kisima ukipenda, lakini suuza mwisho kwa maji mepesi.

Maji mepesi unayo tayari kama nyumbani kuna kiyoyozi. Maji yanayodondoka kwenye bomba lake la nje ni unyevu wa hewa uliopozwa ukageuka maji, hayajapita ardhini, na kwa hewa ya Dar es Salaam unapata lita kadhaa kwa siku. Kinga kwenye dumu safi, chuja kwa kitambaa, pima; mara nyingi yatakuwa chini ya 50. Ya mvua pia yanafaa, mradi uache mvua ioshe vumbi la bati la paa kwanza ndipo ukinge. Maji ya kunywa ya chupa si lazima yawe mepesi, mengine yameongezwa madini. Nyingi zina TDS kwenye lebo, isome. Na ukiuziwa mtambo wa kulainisha maji kwa chumvi, jua unachonunua: unabadilisha kalsiamu kwa sodiamu, kwa hiyo kipimo cha TDS hakishuki na madoa bado yatakuwepo, ila yatatoka kwa kitambaa chenye maji badala ya kuganda kama chokaa. Kwa gari jeusi hiyo tu ni nafuu kubwa.

Lita tano zinatosha kusuuza Harrier ukitumia bomba la mgongoni au la mkono la kunyunyizia dawa ya mimea, jipya, ambalo halijawahi kubeba dawa. Anza paani, shuka. Kabla ya hapo, wakati bado unatumia kisima, toa kichwa cha kunyunyizia kwenye mpira wa maji na uache maji yamiminike polepole kutoka juu ya paa. Yanashuka kama shuka moja na kuzoa matone mengi njiani.

Muda wa kuosha ubadilishe. Saa nne na saa tano ndiyo saa mbaya kabisa. Maliza kabla ya saa mbili asubuhi, au anza baada ya saa kumi na moja jioni, na hata hapo weka kiganja kwenye boneti kwanza: ikiwa ya moto kwa injini, subiri. Osha paa, suuza, ulikaushe, kisha boneti, kisha upande mmoja. Mtu anayeosha gari zima ndipo aanze kukausha ameshachelewa paani. Taulo mbili za maikrofaiba za sentimita 60 kwa 90 zinatosha, ya kwanza ya kunyonya maji mengi, ya pili ya kumalizia. Laza taulo, livute kuelekea kwako bila kukandamiza. Halafu fungua milango, buti na kifuniko cha tangi, pigapiga vioo vya pembeni, zungusha gari mtaani dakika mbili, rudi ufute yaliyochuruzika. Matone yanayojificha kwenye vioo na vitasa ndiyo yanayoacha ile mistari meupe milangoni.

Ukivuka kwa kivuko kwenda Magogoni na gari likarushiwa maji ya bahari, suuza jioni hiyo kwa maji tu. Hapo chumvi ndiyo nyingi na inaondoka bila ugomvi. Gari likiegeshwa karibu na bustani, angalia vinyunyizio vya majani: upande mmoja wa gari wenye madoa kuliko mwingine karibu kila mara umesababishwa na hivyo.

Kuhusu kinga, silanti, yaani kinga ya kupaka iliyotengenezwa viwandani, hudumu miezi mitatu hadi sita, nta ya karnauba wiki chache tu kwa jua letu. Koti ya keramiki ni nzuri kwa kazi nyingine, lakini ukiambiwa inazuia madoa ya maji usilipe kwa sababu hiyo. Inafanya maji yakae kama shanga nene zilizosimama, na kila shanga ikikauka inaacha pete yake iliyokolea. Nimeona madoa mabaya zaidi juu ya keramiki inayooshwa kwa kisima kuliko juu ya nta ya bei ndogo. Kinga yoyote inakupa muda wa kukausha. Kukausha bado ni kwako.

Vioo vinafuata utaratibu wa siki kama rangi. Vikikataa, tumia unga wa oksidi ya seriamu uliolowekwa uwe kama uji mzito, kwa pedi ya sufi, kioo kikiwa na maji muda wote. Unga huo ni wa kioo peke yake. Usiupitishe kwenye rangi wala upande wa ndani wenye tinti, na badilisha mipira ya waipa kabla hujarudisha, kwa sababu chokaa iliyojikusanya chini yake itakwaruza kioo ulichokwisha kukisafisha.